Jiwe la Mlangoni, Kutoka Nakivale Hadi Mbarara

Mbarara, ndani ya ukungu

Ulianza mlio. Kong. Kimya. Kong. Kimya tena, kisha mwingine, huu mzito na mfupi, kama mtu aliyepiga gunia la maharage. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nje kidogo ya mji wa Mbarara, basi limekwisha kuniacha, na ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Sikuona nyumba, sikuona lango, sikuona hata mfereji ambao nusura nitumbukie. Nikaufuata mlio.

Marafiki zangu, mmeniuliza kwa nini mlinituma kutazama mawe ya sakafu ya chumba chetu cha kusomea hapa Bukoba, nami nikakaa huko muda mrefu kuliko tulivyopatana. Mawe yetu yatakuja, nimeyachagua kwa mikono yangu. Lakini najua mnataka yale mengine. Basi nitawaeleza, isipokuwa habari za tiketi na mpaka. Hizo mnazijua, na hazina utamu.

Kilichokuwa kinalia ni jiwe. Ukungu ulipofunguka kidogo nilijikuta uani kwenye nyumba kubwa ambayo haijapakwa rangi, na mbele yangu mwanamke wa makamo, kitenge kiunoni, amepanga mawe bapa ukutani kama watoto wanaongoja kukaguliwa masikio. Aligonga kila moja kwa mpini wa nyundo, kichwa ameinamisha upande.

"Wewe njo Mutanzania?" aliuliza bila kugeuka.

"Ndiye mimi. Shikamoo."

Akacheka. "Huku hatusemake ile. Lakini ni muzuri. Sema tena."

Nikasema tena. Huyo alikuwa Esperansi, fundi wa sakafu za mawe niliyekuja kumwona. Alizaliwa Kivu ya Kusini, akakimbilia Uganda, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Sasa amepanga chumba Mbarara.

"Sikia hii," akaniambia, akagonga. Kong. "Inaimba. Na hii?" Puh. "Hii mu tumbo yake iko mupasuko. Macho haiuone. Ukiiweka chini, mvua moja, mbili, imekufa."

Kisha akanipeleka ndani kwenye sebule, na hapo, marafiki, ndipo nilipovua viatu kabla sijaambiwa.

Sakafu ile ilikuwa na rangi ya chai iliyomwagiwa maziwa kidogo, na hapa na pale wekundu kama kutu. Lakini si rangi iliyonishika. Kutoka ukuta wa mbali mpaka mlangoni, jiwe baada ya jiwe, yalikuwa yanakuja mawimbi. Mawimbi madogo, kimo chake si zaidi ya unene wa kidole, yamelala sambamba, kama yale unayoyaona kwenye mchanga wa ziwa letu maji yakiwa yamerudi nyuma. Yaliungana kutoka jiwe hadi jiwe bila kukatika. Nilisimama juu yake na nyayo zangu zikaamini kwamba zimelowa.

"Nani ameyachonga?" niliuliza.

"Hakuna mutu. Ni maji."

Aliichukua mikono yake miwili, akaibandika kiganja kwa kiganja, akaifungua polepole. Hivyo ndivyo jiwe hili linavyopasuliwa, alisema. Linafunguka lenyewe pale lilipokubali kufunguka, na ndani yake unakuta maji yamesimama.

Nimesoma zaidi baada ya kurudi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyostaajabu. Zamani ambayo hata neno zamani haliitoshi, kabla hapajawa na nyasi wala jicho la kuiona, mahali hapa palikuwa na maji ya kina kifupi. Mito ilileta mchanga kutoka milima ambayo haipo tena. Upepo ukapita juu ya maji, maji yakaukunja mchanga chini yake kama shuka. Siku moja maji yakatulia, tope laini likashuka, likaufunika mkunjo ule kabla haujafutika. Juu ya tope ukaja mchanga mwingine, juu ya mchanga tope jingine. Uzito ukaongezeka. Maji yaliyopenya kati ya chembe yaliacha humo madini yake, yakazishika chembe kama gundi. Joto la chini likauoka mzigo wote, kisha ardhi ikajikunja na kuinua kile kilichokuwa kitanda cha maji, kikawa vilima. Ule utando mwembamba wa tope ndio udhaifu wa jiwe na ndio zawadi yake. Ukiigonga patasi hapo, jiwe linaachana kama chapati mbili zilizoshikana, na upepo wa siku moja, siku ambayo hakuna aliyeishuhudia, unakuwa uko mbele yako.

Nilikuwa bado nimeinama, navifuata viwimbi kwa kidole, nilipofika mlangoni. Hapo bahari ilikuwa imevunjika.

Jiwe la kizingiti, kubwa kuliko yote, lilikuwa vipande vitatu, vimeegemezwa kando ya mlango.

Esperansi alinisimulia kwa sauti ya chini. Nyumba ni ya Mama Kembabazi, mjane mwenye ng'ombe na maduka. Binti yake Kembabazi angefanyiwa kuhingira Jumamosi hiyo, sherehe ya Wanyankore ya kumtoa binti kwao na kumkabidhi kwa mume. Jamaa walikuwa wamefika kusaidia maandalizi. Esperansi alikuwa amelaza jiwe la mwisho, akalifunika kwa magunia mabichi ili saruji iliyo chini yake ikauke taratibu, akaenda zake kulala. Shangazi wawili walipoyaona magunia wakasema fundi amesahau uchafu wake mlangoni, tena wiki ya sherehe. Wakayaondoa. Wakalisugua jiwe kwa ndoo na ndoo za maji mpaka saruji mbichi ikachuruzika. Halafu wakaliviringishia juu pipa lililojaa maji. Yote hayo kwa upendo.

"Siwezi kuwagombeza," Esperansi alisema. "Walinisafishia."

Alikwisha kujaribu jiwe jingine pale, la rangi ya karibu. Lilikaa kama kiraka kwenye kanzu. Na Mama Kembabazi alikiona. Aliingia wakati huohuo tukiwa tumesimama, mwanamke mrefu anayetembea kama mtu asiyewahi kuharakishwa na yeyote. Alizungumza Kiswahili cha barabarani cha Uganda, na kila neno alilipiga muhuri.

"Esperansi, mimi nasema mara moja. Jumamosi mtoto yangu natoka kwa hii mlango. Hapana toka kwa kiraka. Kama iko sawa, vyumba yote ya hii nyumba iko yako, na nyumba ya dada yangu pia. Kama hapana sawa, mimi naita watu ya tailisi ile nang'ara, nang'oa yote."

"Ndiyo, nyabo."

Nyabo ni neno lao la heshima kwa mwanamke. Mama Kembabazi akanitazama miguu. "Na huyu kwa nini nasimama bila viatu?"

"Anapenda sakafu, nyabo."

"Hm," akasema, akaenda zake.

Esperansi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hii ilikuwa nyumba ya kwanza aliyopewa yeye mwenyewe kama fundi, si kama mtu wa kuchanganya saruji kwa ajili ya mwanamume fulani. Iking'olewa, nani tena Mbarara atampa mwanamke mkimbizi sakafu? Angerudi Nakivale kulima maharage ya watu.

"Iko jiwe moja tu linaweza," alisema mwishowe. "Pacha wa hii yenye ilivunjika. Nililipasua mimi, jiwe yangu ya kwanza. Nusu moja njo hii. Nusu ingine…"

"Iko wapi?"

"Mama yangu analikalia."

Mbarara hadi Isingiro, na vipande vitatu

Tulipata nafasi kwenye pikapu ya Mugisha, dereva aliyekuwa anapeleka chumvi ya ng'ombe upande wa Endiinzi. Alikuwa kijana mnene mwenye kicheko cha karibu, na Kiswahili chake alikiokota jeshini alikokaa kidogo kabla hajakimbilia usukani. Esperansi alivibeba vipande vitatu vya jiwe lililovunjika akaviweka miguuni petu, ili tukifika avilinganishe na pacha wake.

"Nyinyi nabeba mawe kwenda Nakivale?" Mugisha aliuliza. "Kule hakuna mawe?"

"Iko mingi," Esperansi akajibu.

"Sasa?"

"Haya yanaenda kuona ndugu yao."

Mugisha akageuka kunitazama mimi, akitafuta mtu mwenye akili timamu. Nikamwambia ni kweli. Akawasha redio.

Migomba ilitusindikiza njia nzima, imepanda vilima na kushuka upande wa pili kama jeshi lililopewa likizo. Isingiro tairi likaishiwa pumzi mbele kabisa ya kibanda cha mama mmoja muuza katogo, na nisingeweza kuchagua mahali bora zaidi pa kukwama. Katogo ile ilikuwa matoke na utumbo, mchuzi wake mzito, ndizi zimelainika hadi zimesahau kuwa ndizi. Nilikula sahani yangu na nusu ya Esperansi, maana yeye hakuwa na hamu.

Kosa langu lilikuwa kutoa kipande kimoja ndani ya gari nikitazame kwenye jua. Mama wa katogo aliniona nalipapasa jiwe na kulisogeza machoni. Akamnong'oneza mteja. Mteja akamwita mwenzake. Muda si muda tulikuwa na halaiki.

"Iko dhahabu?" mzee mmoja aliuliza.

"Hapana baba, ni jiwe la sakafu."

"Kama ni jiwe ya sakafu, kwa nini naangalia kama sindano nayopotea?"

Nikajaribu kueleza habari za mchanga na maji na upepo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ni dhahabu. Esperansi ndiye aliyetuokoa. Alikichukua kipande, akamwekea yule mzee mkononi na kumwambia afumbe macho, apapase.

Mzee alifumba. Vidole vyake vikatembea. Uso wake ukabadilika taratibu, ukawa kama wa mtu anayekumbuka jina.

"Maji," alisema.

Wakapokezana kile kipande mpaka tairi likawa tayari, na kila aliyekishika alifumba macho bila kuambiwa.

Endiinzi, ng'ombe kwanza

Baada ya Isingiro migomba ilipungua, nyasi zikachukua nchi. Mahali fulani barabara ilikuwa imekatwa ubavuni mwa kilima, na Esperansi akamwomba Mugisha apunguze mwendo. Pale ukutani mwa udongo yalionekana matabaka: jekundu, la kijivu, jeupe, jekundu tena, yote yamelala mshazari kama shehena iliyoegemea upande.

"Unaona? Yalilala sawa," Esperansi akaniambia. "Kisha kilima ikaamuka."

Nilitazama nyuma mpaka kilima kilipofichwa na vumbi letu.

Endiinzi tulizingirwa na ng'ombe wa pembe ndefu, weusi-wekundu, wanaotembea kana kwamba pembe zile ni taji la kurithi. Mugisha alizima injini. Kupiga honi hapo, alisema, ni kama kupiga mluzi kanisani. Walipokwisha kupita, tulipeleka chumvi kwa mwenye ng'ombe, na huko tukakaa muda ambao ulimtesa Esperansi, kwa sababu mwenye ng'ombe hakukubali tuondoke kabla hatujanywa.

Maziwa yaliletwa yamefukizwa moshi wa nyasi, mazito, na harufu yake ni ya nyumba ya mtu anayekupenda. Nilikunywa, nikafuta mdomo, nikafanya ujinga wa mtu wa mjini.

"Ni bei gani?"

Mwenye ng'ombe akamtazama Mugisha. Mugisha akajishika kichwa.

"Wewe nauliza bei ya heshima?" akanikaripia. Kisha akamwambia mwenyeji jambo refu kwa Kinyankore, na mwenyeji akacheka, akaagiza niletewe kikombe cha pili.

"Umemwambia nini?" nilimuuliza tukiwa garini.

"Nasema wewe iko mtu naandika hadithi, kichwa nachoka."

Esperansi alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Lakini jua lilikuwa linageukia upande wa pili, na nikamwona anavisogeza vile vipande kwa vidole vya mguu, anaviunganisha, anaviachanisha.

"Unaogopa atakataa?" nilimuuliza.

"Nilimwambia aje tukae wote Mbarara. Alikataa. Tangu pale sikuenda kumuona. Sasa ninaenda, na ninaenda kuomba jiwe."

Base Camp, na mlango wa mama yake

Base Camp ni moyo wa Nakivale: ofisi, zahanati, maduka ya mabati, soko ambako lugha zinapandana kama vitenge kwenye kamba. Kirundi huku, Kinyarwanda kule, Kisomali, na Kiswahili cha Kongo kikiwa kimetandikwa chini ya vyote. Esperansi alinunua ndakala, yaani dagaa, wakavu kwa muuzaji Mrundi aliyemfahamu.

"Eh! Fundi wa Mbarara!" yule muuzaji alipaza sauti. Jina lake Leonidasi, rozari shingoni, mdomo hauna breki. "Umekuya kutujengea sakafu ya karo, ya bei ya watajiri?"

"Nimekuya kwa mama."

Leonidasi akaacha utani palepale. "Basi nafunga duka, nakufuata. Ile jiwe sio ya wanawake wawili."

"Nani alikuambia habari ya jiwe?"

"Unabeba mawe mikononi na uso umekunja. Sasa nini ingine?"

Nyumba ya mama yake ilikuwa ya udongo, imesilibwa vizuri, na mbele ya mlango alikuwa amekaa mwanamke mdogo wa umbo, anachambua sombe, kisamvu chetu. Alichokalia ni jiwe. Hakuinuka.

"Mama," Esperansi alisema.

"Nilijua ni wewe. Unakanyagaka na kisigino." Macho yake yakaja kwangu. "Na huyu?"

"Mugeni. Wa Tanzania."

"Karibu mutoto. Kaa. Mutakula."

Tulikula kwanza, kwa sababu nyumba ile haikuwa na njia nyingine ya kuzungumza. Bugali wa mihogo, sombe iliyotwangwa hadi ikawa hariri, na ndakala waliokaangwa na nyanya. Leonidasi alikula kama aliyetumwa na kijiji kizima. Hakuna aliyetaja jiwe. Mama alirudi kulikalia mara alipomaliza kunawa.

"Sasa," alisema. "Sema."

Esperansi akasema. Habari ya magunia, ya pipa, ya Jumamosi, ya vyumba vyote vya nyumba ile na vya nyumba nyingine. Aliviweka vipande vitatu mchangani mbele ya mama yake, akaviunganisha.

Mama alivitazama kwa muda mrefu.

"Nilifikiri ulikuya kuniona mimi."

"Mama…"

"Ulikuya kuona matako yangu fasi yanakaa."

Leonidasi akakohoa ili asicheke, na mama mwenyewe akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, lakini hakuinuka.

"Hii jiwe," alisema akilipiga kwa kiganja, "njo masikio yangu. Mutu akikanyaga hapa, najua ni nani mbele haijasema hodi. Ukilichukua, ntajuaje umefika?"

"Ntaita jina yako, mama. Ntapiga kelele toka soko."

"Hautafika. Vyumba vyote vile, utapiga mawe mpaka nakufa."

"Basi njoo tukae wote."

"Nani atalima maharage yangu? Wewe?"

Walitazamana, nyuso zao zikawa uso mmoja katika umri tofauti. Ndipo mama akanigeukia mimi.

"Ule binti wa ule mama. Anaolewa siku ya posho?"

Siku ya posho kwao ni Jumamosi. "Ndiyo, mama," nilisema.

"Anatoka mu ule mulango?"

"Mlango huohuo."

"Na mama yake anabakia mu nyumba?"

"Anabaki."

"Peke yake?"

"Ni mjane. Nafikiri atabaki peke yake."

Aliigeuza sombe ndani ya beseni mara kadhaa, bila haja. Kisha akaweka mikono magotini, akainuka.

"Leonidasi, ulikuya kukula tu? Leta mutaimbo."

Jiwe lilikuwa limezama ardhini miaka na miaka. Leonidasi alisukuma mtaimbo chini yake akimwita Bikira Maria kwa Kirundi, mimi na Esperansi tukavuta, na likang'oka kwa mlio wa busu. Tulilifuta vumbi. Hapo ndipo nilipouona uso wake vizuri, na moyo ukanishuka kidogo.

Fikirieni mkono uliobonyezwa kwenye unga uliokandwa. Mkono ni kitu kimoja, alama yake ni kitu kingine. Jiwe lililovunjika lilikuwa mkono: viwimbi vyake vimesimama, vina ncha kali juu. Hili la mama, lililokuwa limelala juu yake kilimani, lilikuwa alama: palipo na mlima kule, hapa pana bonde. Na si hivyo tu. Migongo yake ilikuwa imelainika, imeviringika, kwa miaka ya kanga, visigino na mvua.

"Litaungana na yale mengine?" nilinong'ona.

"Sijui," Esperansi alisema. "Lakini rangi ni yeye."

Mama yake hakutuuliza kitu. Alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya mlango wake, anavipanga vile vipande vitatu ndani ya shimo lililobaki. Vililingana na shimo, kasoro upana wa kidole. Akasimama juu yake, akapanda na kushuka mara mbili, akasikiliza.

"Inasema ingine," aliamua. "Ntaizoea."

Kurudi, jiwe likiwa limevaa kitenge

Tulilala kwa mama, na Mugisha alitukuta asubuhi, pikapu imebeba magunia ya maharage. Tulililaza jiwe juu ya majani ya mgomba, tukalifunga kwa kitenge cha mama, cha manjano chenye ndege, na mimi na Esperansi tukapanda nyuma kulishika lisitikisike. Mama alitusindikiza mpaka barabarani. Alimpa mwanawe mfuko wa maharage, akamrekebisha kilemba, akasema, "Ulilaze vizuri," kama anayezungumzia mtoto.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari mmoja alichungulia nyuma, akaona wanawake wawili wenye nyuso za wasiwasi na kitu kirefu kilichofunikwa. Akavua kofia.

"Poleni sana," alisema taratibu. "Huyu nakufa lini?"

Esperansi akanitazama. Nikamtazama yeye. "Afande," nilisema, "ni jiwe."

"Jiwe nafunikwa kitenge?"

"Linaenda harusini."

Kofia ikarudi kichwani. Akaamuru tufungue. Tulipofungua ukingo mmoja, akauweka mkono pale, na nikaona kile nilichokiona kwa mzee wa Isingiro: vidole vinatembea, uso unalegea.

"Banange. Nani nachora hii?"

"Maji," Esperansi alisema.

Askari akalifunika mwenyewe, akachomeka ncha za kitenge vizuri. "Enda," akamwambia Mugisha. "Lakini polepole. Ukivunja, mimi nakamata wewe."

Mbarara, mpaka Jumamosi

Esperansi alichimbua kile kiraka akatandaza saruji mpya. Alivuta uzi, akaweka pima maji, akaliingiza jiwe la mama yake mahali pake. Halikuungana. Milima ya sebule iligonga mabonde ya kizingiti. Aliligeuza upande. Hapana. Niliona jasho linamdondoka kidevuni. Kisha akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka jiwe la ndani kuja la nje, tena na tena, akalisogeza jiwe nje kwa nusu ya wimbi. Nusu tu. Mabonde yakapata mabonde, migongo ikapata migongo, na bahari ikapita mlangoni bila kukatika. Ila pale, mwishoni, mawimbi yalikuwa ya mviringo, kama maji yanayofika ufukweni yakiwa yamechoka.

Alilifunika kwa magunia mabichi, akaweka kigoda chake mbele yake, na hakuondoka hapo. Shangazi walipokuja na ndoo aliwainulia mwiko.

"Leo hapana kunisafishia, ba mama. Nawaomba."

Jumamosi ua ulijaa mahema, ngoma, na harufu ya nyama. Magunia yaliondolewa. Mama Kembabazi alikuja, akatazama kizingiti, akaenda kupokea wageni. Esperansi na mimi tukaambiwa tusimame kona ya ndani, tusizibe njia. Alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa kikavu na baridi kama patasi.

Kembabazi alitoka chumbani akiwa amevaa mushanana, lile vazi la sherehe linalofungwa begani, shangazi zake pande zote, viatu vyake virefu na vyembamba kisigino. Alivuka sebule akitazama mbele. Karibu na mlango, kwenye jiwe la mwisho lenye ncha kali, kisigino kikaingia katikati ya mawimbi mawili, kikakwama.

Shangazi mmoja alivuta pumzi kwa sauti. Kujikwaa mlangoni, siku kama ile, mbele ya watu wale. Macho ya Mama Kembabazi yakaruka moja kwa moja mpaka kwenye kona yetu.

Binti hakujikwaa. Alisimama. Akachomoa mguu, akauacha ule mwingine nao utoke, akaviacha viatu pale vilipo na kukanyaga jiwe la kizingiti kwa mguu mtupu. Kisha mguu wa pili. Akatazama chini. Vidole vyake vilikunjuka, vikakunjika.

"Mama," alisema, "hapa ni laini."

Alibaki pale kidogo zaidi, analia na kucheka, na nje vigelegele vikaanza kwa sababu walikuwa wamemwona. Akashuka juani. Shangazi wakaviokota viatu wakamfuata wakikimbia.

Mama Kembabazi aliwaacha wote watangulie. Sebule ilibaki tupu, sisi watatu tu na sakafu. Alivua viatu vyake, akavibeba mkononi.

"Esperansi. Jumatatu wewe naanza chumba ya pili."

"Ndiyo, nyabo."

"Na hii ya mlango, hakuna mtu nagusa."

Akakanyaga jiwe. Alisimama juu yake akitugeuzia mgongo, mabega yake yakipanda na kushuka, muda mrefu kuliko aliosimama binti yake. Halafu akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, ukafungwa.